Filamu za Watu Kuongea Tu

Dada yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nikiwa bado kitandani Nairobi, akaniuliza kama bado ninazitaka zile takataka za Baba. Alisema hivyo kunichokoza, maana ananijua. "Ile katoni ya kaseti," akasema. "Nilikuwa nimeiweka nje na vitu vya kutupa, Mama akaishikilia na ule mkono yake mzuri. Amekataa kabisa. Si ukuje tu."

Nikaenda Kisumu. Nyumba yetu ya Nyalenda ilikuwa inafungwa. Mwaka uliopita Mama alipigwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukalala na maneno yakamtoka yote, na sasa dada yangu, ambaye anaishi Muhoroni karibu na kiwanda cha sukari, alikuwa amekuja kumchukua wakakae pamoja. Niliikuta sebule imebaki na makochi mawili na televisheni ambayo dada alikuwa ameniachia niifunge mwenyewe. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, mguu mmoja ameuweka juu ya katoni ya mafuta ya kupikia, kama mtu anayelinda kuku wake sokoni.

Nikuambie ukweli, wewe unayenisoma: nilichokuwa ninakitafuta katika safari ile hakikuwa kaseti. Nilitaka kumsikia Mama. Picha zake tunazo tele, za harusi, za kanisani, za kitambulisho. Sauti yake hatuna popote. Hakupenda simu hata kidogo. Ukimpigia alikuwa anakuuliza kama umekula, anakuambia usimalize pesa zako, kisha anakata. Na mwanamke huyu ndiye aliyekuwa na sauti kumi na tano ndani ya koo moja. Nilikuwa nimejipa matumaini ya kijinga kwamba nikiziona zile filamu tena, huenda nikamsikia ndani yake.

Acha nikueleze zilivyotufikia. Baba alikuwa dereva wa lori la miwa, wiki nzima yuko barabara za Muhoroni, mwisho wa wiki anarudi kwetu akinuka molasi. Mjini kulikuwa na duka lililokodisha kaseti za video, na watu walipohamia kwenye sidii, mwenye duka akaamua kuuza kila kitu. Baba alipofika, filamu za kupigana zilikuwa zimekwisha, za Kihindi zimekwisha, hata za majini na mizuka zimekwisha. Zilizobaki ni zile ambazo hazikuwahi kugombaniwa na mtu. "Hizo ni za watu kuongea tu," mwenye duka akamwonya. Baba akasema watu kuongea ndicho alichokuwa akitafuta, kwa sababu kutoka Jumatatu anachosikia ni injini. Akanunua katoni nzima, pamoja na deki ya kuchezea, akaifunga nyuma ya baiskeli ya mtu akaja nayo nyumbani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa nyumba pekee pale mtaani yenye mkusanyiko wa filamu ambazo hakuna bunduki hata moja. Kulikuwa na filamu ya mume na mke waliokula chakula cha jioni wakigombana hadi chakula kikapoa. Kulikuwa na ya mwalimu aliyefukuzwa kazi akawa anaamka kila siku na kuvaa tai. Majina yake halisi yalikuwa kwenye karatasi za kava, lakini sisi tulizipa yetu: Filamu ya Tai, Filamu ya Mama Mshonaji, Filamu ya Daraja. Wenzetu shuleni walisimuliana mateke, na mimi nikajaribu kuwasimulia kuhusu mwalimu na tai yake. Hawakunisikiliza hata dakika moja, na hadi leo nawaona walikosa jambo zuri.

Shida ilikuwa moja. Tuliishi na mama yake Baba, ambaye sisi sote tulimwita Dani, na Dani alijua Dholuo na Kiswahili cha kununulia samaki pale Dunga, basi. Kiingereza cha zile filamu kilipitia puani. Hata sisi tuliokuwa shuleni hakikutuingia. Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa, tukishakula muhogo na chai, Mama aliketi kwenye kigoda kando ya televisheni, akiutazama uso wa Dani zaidi ya alivyotazama picha, na akawa anatuambia kwa Dholuo wanachosema. Mzee akiongea, Mama anaishusha sauti hadi kifuani. Binti akiongea, anaipandisha na kuinyoosha. Hata mlango ukifungwa kwa hasira, alitueleza mlango ulikuwa unamaanisha nini. Nje mvua ya kutoka ziwani ilikuwa ikipiga mabati, naye anaongeza sauti juu ya mvua, mikono yake ikiwa na kazi nyingine wakati huohuo, kwa kawaida kuchambua dagaa wa omena au kukunja mitumba ambayo angeipeleka sokoni Kibuye kesho yake.

Dani alikuwa na maoni. Sijawahi kukutana na mhakiki mkali kama yeye. Jambo la kwanza alilopima ni chakula. "Huyu mgeni amekaa tangu asubuhi na hakuna mtu amempatia hata maji," alisema. "Hii ni watu gani?" Filamu ambayo mgeni hakupewa chochote ilikuwa mbaya, na hapakuwa na rufaa. Jambo la pili lilikuwa salamu. Watu walikuwa wanaingia ndani na kuanza kulia au kugombana kabla ya kuulizana habari za nyumbani, na hilo lilimuudhi sana. Lakini kilichomshinda kabisa ni mazishi yao. Watu wachache wenye miavuli myeusi, hakuna anayepaza sauti, dakika chache kila mtu yuko kwenye gari lake. "Mtu anazikwa kama mtu anapanda viazi," alisema, na akakataa kuzungumza na mtu hadi chai ya pili.

Na ndiyo maana ikatokea ile siku ya Mama Mshonaji. Ilikuwa filamu ya mwanamke mwenye cherehani, mjane, aliyemshonea mwanawe koti la kusafiria akabaki peke yake na kifua kibovu. Mama aliisimulia vizuri mno siku hiyo. Yule mwanamke alipofariki, kichwa chake juu ya cherehani, na pale kwenye filamu hakuna mtu aliyelia, Dani aliinuka. Aliweka mikono kichwani akapiga nduru, ile yenyewe, ya kumtangaza maiti, ambayo ukiisikia kwetu unaacha chochote ulichoshika.

Nyalenda nyumba zimebanana. Kabla Baba hajafika kwenye deki, uwanja ulikuwa umejaa. Wa kwanza alikuwa mama jirani, mama mmoja kutoka upande wa Kakamega ambaye tulikuwa tukisalimiana tu kwenye bomba la maji. Alikuja na leso kiunoni, machozi tayari, amebeba sukari kwenye karatasi, na nyuma yake wanawake wengine wakilia kwa lugha zao zote. "Nani amekufa?" akauliza. Baba, kwa aibu, akanyoosha kidole kwenye televisheni.

Tukangoja watukane. Mama jirani akajifuta uso, akaangalia kioo, akatuangalia sisi. "Sasa na vile tumelia," akasema, "si mturudishie nyuma tuone huyo mtu tumemlilia?" Huwezi kumfukuza mtu aliyekuja na sukari kwenye matanga. Chai ikapikwa kwa sukari ileile, kaseti ikarudishwa mwanzo, Mama akaanza upya, safari hii kwa Kiswahili kwa sababu mama jirani Dholuo ilikuwa ikimpita. Ilipofika mwisho wakalia tena wote, kwa starehe zaidi. Tangu siku hiyo mama jirani hakukosa Jumapili hata moja, Mama akimtilia Dani Dholuo pale Kiswahili kilipomshinda, na ndiyo sababu filamu zote za utoto wangu ninazikumbuka kwa Kiswahili.

Jioni Dani alimwita Baba. Hakuwa anacheka. Alimwambia nduru haipigwi bure. Ukimlilia maiti ambaye hayupo, kifo kinasikia kimeitwa kwenye boma lako na kinakuja kuangalia. Yeye mwenyewe asingeweza kuizuia sauti yake akiona mtu anakufa bila kuliliwa, kwa hiyo heri mtu asife. Baba alimheshimu sana mama yake. Akaamua kuwa tangu siku hiyo hakuna mtu atakayekufa ndani ya nyumba yake. Jumamosi usiku, sisi tukiwa tumelala, yeye na Mama waliitazama kaseti yote hadi mwisho ili wajue hatari iko wapi. Jumapili, hatari ikikaribia, Mama aliinua mkono wake wa kushoto, kiganja wazi, na Baba akabonyeza. Picha ikasimama.

Ungedhani tulinung'unika. Hapana, sehemu tamu ndiyo ilianzia hapo. Dani alilelewa na hadithi za jioni katika nyumba ya bibi yake, ambako kila mtoto alitoa yake zamu ikifika, na hakuona kwa nini filamu iwe tofauti. Kila mmoja wetu alitoa mwisho wake. Dada yangu alimwozesha kila mtu. Mimi niliwatafutia kazi nzuri. Mama jirani aliwapeleka wote kanisani wakatubu. Baba alitaja jambo fupi la barabarani, mara nyingi gari likaharibika. Dani aliamua nani ameshinda, na mshindi alipewa kichwa cha samaki jioni ile, kichwa cha ngege kilichokaangwa kikarudishwa kwenye nyanya na kitunguu, kichwa ambacho kwa haki kilikuwa chake Dani kila Jumapili. Alikitoa mwenyewe kwenye sahani yake akakuwekea, na ulikula huku wengine wanakutazama ukinyonya jicho.

Mama alisimulia wa mwisho. Mwisho wake ndio uliotunyamazisha, kila mara, hadi ukasikia jiko linavyolia. Na hakushinda hata siku moja. "Huyu hawezi," Dani alisema. "Huyu ameona mtihani na majibu." Mama alicheka, akainuka, akaenda kusonga ugali. Sisi tulibaki tukibishana kama aliotupa ulikuwa mwisho wa kweli au wake mwenyewe, na hakuwahi kutuambia.

Kati ya zote, niliyoipenda ni Filamu ya Daraja, na nitaitetea mbele ya yeyote. Mzee analinda daraja juu ya mto, anaishi kwenye nyumba ndogo pembeni. Binti yake aliondoka zamani na mwanamume ambaye hakulipa mahari, hata mbuzi. Sasa amerudi na sanduku, na mzee hataki kumfungulia. Basi filamu nzima ni mlango huo, baba upande huu, binti upande ule, wanaongea. Binti anasema ng'ombe amewaleta. Dani aliuliza palepale ng'ombe wako wapi, haoni hata mkia. "Wako nyuma ya nyumba," Mama akamjibu bila kusita, "kamera haijafika huko." Dani aliridhika, na tangu hapo sote tulikuwa tunawangojea wale ng'ombe. Karibu na mwisho mzee anavaa koti, anatoka kwa mlango wa nyuma, anaanza kuvuka daraja kwenye baridi, anayumba, binti anafungua dirisha, na hapo mkono wa Mama unainuka. Kaseti hiyo tuliomba irudiwe hadi Baba akachoka.

Dani alifariki nikiwa sekondari, akaliliwa inavyopasa. Baba akafuata. Mama jirani alirudi kwao. Duka lile la kaseti sasa wanauza vipuri vya pikipiki. Siku hizi filamu ninazo nyingi kuliko Baba alivyowahi kuota, ziko kwenye simu, naziangalia nimevaa vitu masikioni, na mimi huziangalia hadi mwisho kabisa, kisha najikuta nimekaa na hakuna wa kumuuliza. Nyingi zinanichosha. Watu wanalia vizuri mno, machozi yanateremka kwa mstari mmoja na pua haitoki kamasi. Nazipenda zile ambazo mtu anapika. Hayo ni maoni ya Dani, najua, nimeyavaa tu.

Basi jioni ya Jumamosi ile nilibeba deki hadi kwa fundi wa redio karibu na Kibuye. Alicheka, akaniuliza kama nimeitoa makumbusho, lakini aliipatia mpira wa kuzungusha na akasafisha kichwa chake kwa spiriti. Jumapili mchana dada yangu akamweka Mama kwenye kochi na mito mgongoni. Nikaitafuta Filamu ya Daraja ndani ya katoni. Mama aliponiona nimeishika, upande wa uso wake ulio mzima ukatabasamu.

Picha ilikuwa imechakaa sana. Mwanzo wake wote ni chenga na mistari, kwa kuchezwa mno. Na kwa mara ya kwanza, rafiki yangu, nilielewa Kiingereza chake. Binti hakuwa ameolewa na mtu yeyote. Alikuwa amekuja kumshawishi baba yake auze ile nyumba, kwa sababu barabara mpya itapita, na lile sanduku lina makaratasi ya kutia sahihi. Hakuna mahari. Hakuna ng'ombe. Mzee yule niliyempenda miaka yote alikuwa anabishana juu ya fidia.

"Mama," nikasema, "ulitudanganya hivi?"

Dada yangu alikuwa amejishika mdomo. Mama alitikisika mabega, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka kwa jicho moja. Na mimi nilikasirika kidogo, nakuambia ukweli, kwa sababu ile filamu ilikuwa ya kawaida tu. Wanaongea, wanaongea, hawapiki chochote. Nilijikuta nimeipunguza sauti hadi mwisho. Kisha nikaanza kuisimulia mwenyewe, kama Mama alivyoisimulia, neno kwa neno, mzee kifuani, binti juu. Sikujua kwamba ninayo yote. Lakini ilikuwa sauti yangu, na kila nilipofika mahali ambapo yake ingepinda, yangu ilinyooka tu, nikaona uchungu.

Mzee akavaa koti. Akatoka. Akaanza kuvuka, akayumba, binti akafungua dirisha. Mkono wa kushoto wa Mama ukainuka, kiganja wazi.

Nikabonyeza. Picha ikasimama, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitazamia: pale iliposimama haikuwa na chenga kabisa. Mkanda kuanzia hapo ulikuwa safi, karibu mpya, kwa sababu ni Baba na Mama tu waliowahi kuupitisha.

"Anza wewe," dada yangu akasema. "Mimi bado nitawaozesha."

Akawaozesha. Mimi nikamtafutia mzee kazi nyingine kwenye daraja kubwa zaidi. Halafu zamu ya Mama ikafika, na wote wawili tukakaa tukimtazama, tusijue kama tunamfanyia heshima au ukatili. Dada alitaka kusema neno, nikamshika goti.

Mama akaanza. Maneno hayakuwepo hata moja, ni sauti tu inayovutwa na kuachwa, lakini ilishuka hadi kifuani, nikamjua mzee. Ikapanda ikanyooka, ikatetemeka kidogo, nikamjua binti. Ilikuwa yeye. Ilikuwa ileile sauti ya Jumapili, imevuliwa maneno, na niliisikia nikiwa mzima, kwa masikio yangu. Wakaongea wawili hao kwa muda mrefu, mzee akigoma, binti akibembeleza, mkono wa Mama ukifungua mlango, ukiufunga, ukiufungua tena. Kisha akanyamaza, akaelekeza kidole nyuma ya televisheni, akafunga mdomo na kutoa mlio mzito kutoka tumboni, na mwingine, na mwingine.

"Ng'ombe," dada yangu akasema, akaanza kulia. "Wamefika. Ameleta ng'ombe."

Mama akaegemea mito yake, amechoka, ameridhika.

Dada alitaka nibonyeze tuone mwisho wenyewe. Sikubonyeza. Kaseti ile imekwenda Muhoroni pamoja na Mama, na deki, na katoni nzima, na pale mkanda ulipo safi ndipo uliposimama. Nyumba ya Nyalenda sasa ina watu wengine. Vile vigoda, ile mvua juu ya sauti ya mtu, uwanja mzima kukimbilia kwa sababu kikongwe amemhurumia mshonaji asiyemjua, vyote hivyo sina pa kuvitafuta tena, na navitamani hadi kifua kinauma.

Lakini jioni hiyo kulikuwa na ngege kutoka Dunga, aliyepikwa kwa nyanya na kitunguu. Nilitoa kichwa kwenye sufuria nikamwekea Mama kwenye sahani yake, sikuuliza mtu. Alikitazama. Akamtazama dada yangu, akanitazama mimi, kama anayengoja tumwambie kuwa yeye hawezi, yeye ameona majibu. Hakuna aliyesema hivyo. Akakila polepole kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo Dani angelikemea, na jicho akaliacha la mwisho.